Mvua ya Njano Iliyotaka Kuniozesha

Nasikia siku hizi mtu anatia nguo kwenye mashine, anabonyeza kitufe, anaenda zake kunywa chai. Sina ugomvi na mashine. Lakini nyinyi vijana mnaoanza kazi ya udobi, mliokuja kunisalimu juzi mkaniuliza eti "Mzee, ni kweli kuna mvua ya rangi?", mlinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Nimefua nguo za watu Migori na Homa Bay tangu ndevu hazijaota mpaka zikawa nyeupe. Mvua za rangi wengine waliziona wakakimbilia kanisani. Mimi nimezitoa kwenye kola.

Basi vuteni viti. Nitawaeleza za miaka ya tisini, kwa kuwa hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na mgongo mzima na akili nusu.

Kwanza fahamuni kwamba maji ya mvua hayana rangi. Rangi ni ya kile kitu ambacho mvua imekutana nacho huko juu, au njiani ikishuka. Watu wakiona doa wanauliza limetumwa na nani. Dobi anauliza limetengenezwa na nini, maana asipojua atatia maji moto mahali pa baridi, na doa litakaa kwenye nguo ile mpaka mwenyewe azikwe nayo.

Aliyenitia maneno hayo kichwani ni mama mmoja aliyeitwa Perpetua, Mkatoliki wa nguvu, mfupi, mwenye mikono minene. Alikuwa amewafulia mapadri miaka mingi kabla ya kufungua kibanda chake Migori. Wakati huo kwetu mwanamume kufua nguo za watu ilikuwa sawa na kuvaa sketi. Wajomba zangu walinipita barabarani wakitazama ng'ambo. Perpetua hakujali. Alinishika mikono, akaigeuza kama anayenunua kuku, akasema, "Hii inaweza kukamua blanketi. Ingia."

Mvua yangu ya kwanza ya rangi ilikuwa nyeusi, nikiwa kwake. Shamba la miwa lilichomwa moto kabla ya kukatwa, kama ilivyokuwa desturi, na majivu yakapanda juu. Alasiri kukawa na manyunyu. Manyunyu yakayashusha yale majivu juu ya kamba yetu, na kwenye kamba palikuwa na mashati meupe ya mwalimu mkuu mmoja aliyependa kujitazama kwenye vioo vya magari ya watu. Mlinzi wa duka jirani akavua kofia akaanza kuomba. Mimi nikashika kitambaa kibichi nikasugua kwa bidii yote ya ujana. Kufumba na kufumbua shati likawa rangi ya punda.

Perpetua akaja akasimama, mikono kiunoni. "Hii majivu ilikuwa inakaa tu juu ya nguo, inapumzika," akasema. "Sasa wewe umeiingiza ndani. Umeipatia kitanda."

Shikeni hilo. Majivu na masizi huachwa yakauke kabisa, nguo ikakung'utwa, ikapulizwa, ndipo ikaloweshwa. Mkono wenye haraka ndio unaoharibu. Shati la mwalimu mkuu tulilitia buluu mara nyingi hata likakaribia kuwa la askari polisi, naye akalipenda, akaagiza na mengine yafanywe hivyo. Mungu huwa ana huruma na madobi wanaojifunza.

Nyekundu ndiyo inayotisha watu zaidi. Mara nyingi ni vumbi. Kiangazi kikiwa kirefu, upepo huzoa udongo mwekundu wa barabarani na wa mashimo ya wachimba dhahabu, ukaupandisha, na matone ya kwanza yakaurudisha. Au basi si ya angani kabisa, ni mabati yenye kutu yanayotiririkia kwenye pipa, na mwenye nyumba ameshamwita pasta. Acheni maji yatulie kwenye beseni. Mchanga ukituama chini, ni vumbi, kausha, piga brashi, fua. Lakini kuna mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kegonga aliyeniletea shuka jeupe lililonyeshewa mvua nyekundu, na katika beseni langu haikutuama hata punje moja. Maji yalibaki mekundu tu. Baadaye niliambiwa huenda zilikuwa mbegu ndogo mno za ile mimea inayoota kama ukoga kwenye magome ya miti, upepo huzibeba kwa wingi. Huenda. Mimi sikuona mbegu, niliona shuka. Rangi ilitoka kwa ndimu na jua. Nikiulizwa ilikuwa nini nasema sijui, na hilo neno halijawahi kuniua.

Ya kijani niliiona Remba, kile kisiwa ambacho mabanda ya mabati yamebanana hata ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Nilikwenda huko nikidhani wachuuzi wa samaki, mbuta na omena, watahitaji dobi. Pesa walikuwa nazo. Haja ya dobi ndiyo hawakuwa nayo, maana huko kila nguo inanuka omena, iwe imefuliwa au haijafuliwa. Asubuhi moja vile vijidudu vya ziwani vilipanda kutoka majini kama moshi, mvua ikapita katikati yake, na kilichofika kwenye mashuka yangu kilikuwa uji wa kijani. Mhubiri mmoja akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatangaza mwisho wa dunia. Mama aliyekuwa akianika omena hata hakuinua kichwa.

"Pasta," akasema, "hii mwisho wa dunia yako inakuja kila mwezi mpya ikianza. Toka hapo, umekanyaga omena yangu."

Vijidudu hivyo huondolewa vikiwa vimekauka, kama majivu. Nilirudi bara nikiwa na somo hilo na harufu, na harufu ilikaa zaidi.

Sasa tuje kwenye ya njano. Hii ndiyo mliyoisikia kwa watu, na watu wamewaharibia.

Nilikuwa na kibanda changu mwenyewe Homa Bay, nyuma ya ghala la zamani la pamba ambalo lilikuwa limefungwa na kuachiwa popo na wadudu. Aliyekuwa akinipigia pasi ni Atieno, binti mkubwa wa Mzee Okumu, fundi cherehani wa pale sokoni. Atieno alikuwa amemaliza kidato cha nne, pesa ya kuendelea ikakosekana. Akaja kwangu akaishika pasi ya makaa kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa na ulimi. Mteja akilalamika kuhusu mkunjo, Atieno alimtazama uso wake na kusema, "Huo wa nguo umetoka. Huu mwingine ndio sijui."

Nilimpenda. Niseme tu, mimi ni mzee, aibu nimeiacha nyuma. Nilimpa pasi nzuri nikabaki na ile ya mpini uliolegea. Nilimchagulia makaa yasiyotoa moshi. Mwaka mzima nilikuwa nikisema kwa makaa mambo ambayo mtu wa kawaida angeyasema kwa mdomo.

Mdogo wake, Awuor, alikuwa anaolewa. Hapo ndipo penye kisa. Kwetu Waluo, mdogo hamrukii mkubwa kwenye kuolewa. Akimruka, wazee wanaogopa chira, ile laana inayomfuata mtu aliyevunja mwiko, nyumba yake isipone. Atieno alikuwa amewaambia wazee yeye hana haraka, ameridhia kwa roho safi mdogo wake atangulie. Mzee Okumu akakubali. Aliyebaki amevimba ni shangazi yao, ambaye kwa Kijaluo huitwa waya, dada ya Mzee, Waya Dorsila, mwanamke Msabato mwenye kilemba cheupe kama chumvi na sauti ya kuitia ng'ombe.

Gauni la harusi liliazimwa kwa mke wa mchungaji, nikapewa nilifue na kulitia wanga. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Kisha asubuhi moja jua likatoka, anga safi kabisa. Kila dobi anajua asubuhi ya namna hiyo. Unatoa kila kitu nje. Nikaning'iniza gauni katikati ya kamba, foronya huku, mashuka kule, na mwishoni suruali yangu ya kazi.

Kabla ya saa sita gauni likawa na madoa. Ya njano iliyokolea, madogo, mengine ya duara, mengine marefu kama punje za mchele. Juu hakuna wingu hata la kufutia jasho. Mama muuza nyanya aliyekuwa anapita akaona, akapiga kelele, na wenzake wakajaa uani.

"Yawa! Mvua ya njano! Na jua inawaka!"

"Imeangukia gauni ya Awuor. Ya jirani haijaguswa!"

Waya Dorsila alifika kilemba kikiwa upande. Akalizunguka gauni, akazunguka kamba yote, akafika kwenye suruali yangu, akainua kidole. "Mnaona? Ya huyu dobi iko sawa. Hii mvua inajua mahali imetumwa."

Suruali yangu ilikuwa ya kaki. Ingenyeshewa mwaka mzima doa lisingeonekana. Lakini nani alinipa nafasi ya kusema? Mzee Okumu naye akafika, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, uso umemshuka. Alikuwa mtu mpole, na aliogopa kweli kwa ajili ya binti zake wote wawili.

"Ndugu yangu, mimi nilisema," Dorsila akamwambia. "Mdogo ameruka mkubwa. Sasa harusi isimame, ama Atieno aolewe kwanza. Hata kama ni wiki hii. Hata kama ni bila sherehe."

"Na nani, Dorsila? Wiki hii?"

Waya Dorsila akatazama huku na huku uani. Macho yake yakatua kwangu kama nzi. "Si huyu? Hana bibi. Ana kazi, hata kama ni ya wanawake. Na wako hapa pamoja kila siku."

Vijana, sikilizeni. Kile nilichokuwa nimekitamani mwaka mzima kiliwekwa mbele yangu na shangazi wa msichana mwenyewe, baba yake akiwa ameanza kuitikia kwa kichwa. Ningenyamaza tu. Kunyamaza si kazi ngumu. Nikamtazama Atieno. Alikuwa ameshika pasi, anatazama chini, na mdomo ule uliokuwa na jibu kwa kila mtu haukuwa na jibu. Alikuwa anapeanwa kama sufuria. Nikaona uchungu, nikaona na hasira, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hiyo si mvua," nikasema. "Ni mavi ya nyuki."

Watu wakalitazama gauni tena. Kisha Waya Dorsila akapata pumzi.

"Yawa! Msichana wa watu anapewa bure, yeye anasema mavi!"

"Mama, mimi sisemi kuhusu Atieno, nasema kuhusu doa..."

"Kama humtaki sema humtaki! Usisingizie nyuki!"

Hapo ndipo nilipokwama. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana namkimbia msichana. Nikasema nyuki hanyei nyumbani kwake, ni msafi kuliko wengi wetu pale, na mvua ikimfungia siku nyingi anajizuia mpaka jua litoke, ndipo wote wanatoka kwa pamoja kujisaidia angani. Nikasema nyuki na dobi wana kalenda moja, sisi tunatoa nguo na wao wanatoa yao. Wanawake wakacheka. Yule muuza nyanya akasema, "Pole Atieno, umeshindwa na wadudu." Atieno akaweka pasi chini taratibu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ungesema tu hapana, Odhiambo." Akaondoka.

Lile lilinichoma kuliko pasi.

Mzee Okumu alisema atafikiri mpaka baada ya Sabato. Maana yake ilikuwa wazi: ushahidi usipopatikana, Atieno ataozwa, na asipokuwa wangu atakuwa wa mgane yeyote mwenye baiskeli ambaye Dorsila atamwokota njiani. Na gauni lilikuwa la kurudishwa. Nikaliloweka kwenye maji baridi, kamwe si moto, kwa sababu ile njano ni chavua ya maua, na maji moto yangeipika ndani ya uzi. Foronya moja sikuifua. Asubuhi yake Atieno alipokuja kuchukua viatu vyake alivyovisahau, nikamkunjia ile foronya.

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Mpelekee Mwalimu Chacha, ana hadubini. Muulize ni nini."

Mwalimu Chacha alikuwa akifundisha baolojia kwenye shule ya sekondari pale mjini, Mkuria kutoka Kegonga, kijana mrefu wa sweta, mteja wangu mwenye kola safi kupita kiasi. Atieno akachukua foronya, akaenda.

Alirudi na Chacha mwenyewe. Uso wa Atieno ulikuwa umefunguka tena. Chacha akasema kwanza alidhani ni chavua tupu iliyopeperushwa na upepo, na wakati mwingine mvua ya njano huwa ni hiyo kweli. Lakini ilipokaa chini ya kioo aliona chavua ya maua mengi tofauti imegandamana pamoja, na nyingi ni maganda matupu, yameliwa ndani. "Hii imepitia kwa tumbo ya mdudu," akasema. "Huyu dobi ako sawa. Lakini shangazi yenu ataniambia mimi ni Mkuria, sijui chira ni nini."

"Basi aone mwenyewe," Atieno akasema.

Mvua ilirudi siku kadhaa, harusi ikikaribia, mimi nikiomba jua kama mkulima mwendawazimu. Lilipotoka, Atieno alimleta baba yake na Waya Dorsila uani. Nikatandaza shuka jeupe kwenye kamba. Chacha akaonyesha kwa mkono tundu chini ya paa la ghala la pamba, ambako nyuki walikuwa wakitoka kwa mkondo, wakipita juu ya kamba yangu na si juu ya kamba ya jirani. Dorsila alikataa kutazama juu. Alisimama katikati ya uwanja, mikono imefungwa kifuani, kilemba kinang'aa.

"Mimi naona jua tu," akasema. "Mvua yenu iko wapi?"

Ikaanza. Tone kwenye shuka, tone lingine. Kisha moja, nono, la njano kabisa, katikati ya kilemba cha Waya Dorsila. Akalishika kwa kidole. Akalitazama. Akalinusa, jambo ambalo sikumshauri.

"Ni nani huyo?" akauliza, akitazama juu kwa mara ya kwanza.

Mzee Okumu alicheka mpaka ile futi ikamwanguka shingoni. Nadhani alikuwa ameishika pumzi ile tangu siku ya gauni. "Dorsila," akasema, "kama hii ni chira, basi na wewe uolewe tena."

Baada ya hapo Waya Dorsila aliwaambia watu wote sokoni kwamba yeye ndiye aliyegundua nyuki. Nilikifua kilemba chake, kikatakata. Awuor aliolewa siku ile ile iliyopangwa, gauni likiwa jeupe kuliko lilivyoazimwa, na hakuna aliyemgusia Atieno habari za kuolewa. Hiyo ndiyo siku niliyoona fahari ya kazi hii.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimejaa fahari hiyo, nikamwuliza. Kwa mdomo sasa, si kwa makaa. Nilimwambia nampenda na kwamba siku ile sikumkimbia. Alimaliza mkono wa shati aliokuwa anaupiga pasi mpaka kwenye kifungo. Akaweka pasi juu ya jiwe.

"Najua hukunikimbia," akasema. "Nilijua nilipoona nyuki wa kwanza. Uliniokoa nisipeanwe, Odhiambo. Sasa unataka nijipeane? Usinidai."

Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji. Kwanza alikuwa amempelekea Mwalimu Chacha foronya. Kisha akampelekea jani lenye ukungu, waliangalie. Kisha akawa anaenda bila kupeleka kitu, na hapo hata mimi nikaelewa. Mimi ndiye niliyemtuma, vijana. Mimi kwa mkono wangu, na foronya nikaikunja vizuri.

Walipofikia kuoana, harusi ilikuwa Kegonga, kwao Chacha. Atieno alisafiri kuja kwangu na gauni ndani ya mfuko wa karatasi. "Kuna dobi huko," akasema. "Nimewaambia hii yangu inafuliwa na Odhiambo." Nilifua lile gauni kama sijawahi kufua kitu. Nililitia wanga mwepesi wa muhogo, nikapiga pasi mishono kwa upande wa ndani, kila kifungo nikakizunguka. Alipokuja kulichukua aligeuza kola, akageuza mikono, akakagua upindo wote.

"Iko na doa?"

"Haina."

Akaacha kutazama gauni, akanitazama mimi. "Asante kwa ile siku," akasema. Nikamwambia asilikunje, alibebe hivyo hivyo likiwa limening'inia. Alipopotea kwenye kona nikaketi juu ya beseni lililopinduliwa, nikalia kidogo. Halafu nikacheka, kwa sababu katika miaka yangu yote ya udobi nimewahi kuzuia harusi moja tu kwa mdomo wangu, na ilikuwa yangu.